Kumtambua Kwazi kwa Sauti na kwa Umbo: Mazoezi ya Kutazama kwa Walimu-Wanachuo

Kufundisha majina ni kazi nyepesi. Kufundisha kutazama ni kazi nzito. Mwalimu aweza kuandika ubaoni majina ya ndege ishirini kwa dakika kumi, nao wanafunzi wakayanakili, wakayakariri na kuyatoa tena siku ya mtihani bila kukosa hata herufi moja. Lakini kumwongoza mtoto amtazame ndege mmoja mpaka aweze kumtenga na wenziwe, na tena aeleze ni kwa sababu gani asema huyu ni huyu wala si yule, huchukua majuma. Kwa kuwa kazi hii huchukua muda, wengi wetu huikwepa, na wanafunzi wetu humaliza shule wakiwa na majina mengi vichwani na viumbe wachache machoni.

Mimi ni mkufunzi wa njia za kufundishia sayansi katika chuo cha ualimu kilichoko upande wa kusini wa Ziwa Viktoria. Wanachuo wanaokuja kwetu wamekwisha kusoma Biolojia katika shule za sekondari. Ukiwauliza sifa za ndege watakutajia manyoya, mdomo usio na meno, mabawa, na mayai yenye gamba gumu. Lakini kila alfajiri, kabla kengele ya kuamka haijapigwa, ndege mmoja hulia kutoka kwenye mikuyu iliyo kando ya maji, na sauti yake husikika katika mabweni yote. Ukiwauliza ni ndege gani, baadhi hujibu kwa haraka mno, na baadhi hushangaa kuwa jambo kama hilo laweza kuulizwa darasani. Katika makala haya napenda kueleza jinsi ninavyomtumia ndege huyo kuwafundisha walimu wa kesho kutazama, na jinsi mwanachuo mmoja alivyoitumia njia hiyo katika shule ya kijijini, mahali ambapo kumtambua ndege lilikuwa jambo la uhai na kifo kwa ndege mwenyewe.

KWA NINI KWAZI

Ndege ninayemsema ni kwazi, ambaye wengine humwita tai mla samaki. Mfaransa François Marie Daudin alimpa jina la kitaalamu mwaka 1800, akamwita vocifer, yaani mwenye kupaza sauti. Kwa muda mrefu amejulikana kama Haliaeetus vocifer. Siku hizi wako wataalamu wanaomweka katika jenasi ya Icthyophaga, neno lenye maana ya mla samaki. Kwa hiyo baadhi ya majina yake, ya Kiswahili na ya kigeni, yamechukuliwa kutoka katika mambo mawili ambayo mtu yeyote aweza kuyashuhudia: sauti yake na chakula chake.

Nilimchagua kwa sababu tatu. Kwanza, anapatikana. Huishi karibu kila mahali katika Afrika kusini ya Sahara palipo na maji mapana na miti mirefu: maziwa, mito, mabwawa, vinamasi, na hata midomo ya mito ibubujikayo baharini. Pili, hahami. Jozi moja hushika sehemu yake ya ufuko na kuilinda, hivi kwamba wanachuo wanaokwenda mahali pale pale mara kumi watawakuta ndege wale wale. Tatu, ni ndege mwenye heshima katika macho ya watu. Yumo katika bendera ya Zambia tangu mwaka 1964, na yumo katika nembo za Namibia na Sudani Kusini. Hata hivyo mtu aweza kumwona bendera maisha yake yote asijue kuwa ndege huyo alipokuwa mchanga alikuwa na rangi nyingine kabisa. Jambo hilo nitalirudia huko mbele.

SIKIO KWANZA

Zoezi la kwanza hufanyika saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, wakati mwanga haujatosha kuona rangi. Wanachuo huketi wawili wawili chini ya miti, mbali na maji, wakiwa na daftari na kalamu tu. Hawachukui kitabu wala darubini. Sharti ni moja: hakuna ruhusa ya kutaja jina la ndege yeyote. Anayetaka kusema jambo hueleza alichosikia.

Wanachuo wapya huliona sharti hili kuwa la ajabu. Mwaka mmoja kijana mmoja alininong'oneza, "Mwalimu, si huyo ni tai mla samaki?" Nikamwuliza amejuaje. Akajibu, "Kila mtu anajua." Jibu hilo ndilo ugonjwa ambao zoezi hili limekusudiwa kuutibu. Huenda kila mtu anajua, lakini "kila mtu anajua" si ushahidi, na mwalimu atakayesimama mbele ya watoto akiwa na jibu hilo pekee hatakuwa na la kuwaambia siku watakapomwuliza swali la pili. Tena jina likitajwa mapema hufunga masikio na macho. Mtu akiisha kusema "tai" huona kuwa kazi imekwisha, akaacha kusikiliza.

Basi huandika. Kila mmoja hujitahidi kuiandika sauti kwa herufi zetu kama aisikiavyo. Wako waandikao "wii-aa, kyo-kyo-kyo," na wako waandikao "hwii-o, o-o-o." Hatubishani juu ya herufi. Tunatafuta yale ambayo madaftari yote yanakubaliana: kwamba sauti huanza na mlio mmoja au miwili mirefu iliyo juu, kisha hufuatwa na milio mifupi ya haraka inayoshuka, kwamba ni sauti angavu, isiyo na mkwaruzo kama ile ya kunguru, na kwamba huvuka maji na kufika mbali. Mwanachuo mmoja aliandika kuwa ilimkumbusha mtu anayemwita mwenziwe aliye ng'ambo ya pili. Niliyapenda maneno hayo kwa kuwa baada ya siku mbili wote waligundua kuwa ndivyo ilivyo: sauti ni mbili. Moja huanza, nyingine hujibu, na mara nyingi zote mbili hulia pamoja.

Hapo ndipo linapokuja swali ninalolithamini kuliko yote katika zoezi hili. Sauti moja ni nyembamba na kali. Nyingine ni nzito kidogo na laini. Nawauliza: ipi ni ya dume na ipi ni ya jike? Karibu wote hujibu kuwa nzito ni ya dume. Nawataka waandike sababu. Wakiwa wakweli, sababu inayoandikwa ni moja tu: kwamba ndivyo ilivyo kwa wanadamu.

Siwapi jibu. Nawaambia kuwa swali hili haliwezi kujibiwa gizani, na kwamba tutalibeba mpaka tuwaone ndege wenyewe. Kwa bahati njema kwazi ni ndege asiyeficha kuwa analia. Anapopaza sauti hutupa kichwa nyuma mpaka kisogo hukaribia kugusa mgongo. Hufanya hivyo akiwa mtini na hata akiwa anaruka. Kwa hiyo jozi inapotua katika tawi moja, mtazamaji aweza kuona ni yupi aliyefunua mdomo wakati sauti fulani inaposikika, na pia aweza kuona ni yupi aliye mkubwa. Kwa kwazi, kama ilivyo kwa ndege wengi wawindao, jike ndiye mkubwa. Jike huwa na uzito wa kilo 3.2 hadi 3.6, na dume huwa na kilo 2 hadi 2.5. Wanachuo wanapotazama asubuhi tatu au nne huona kuwa sauti nzito hutoka kwa yule mkubwa. Nyembamba ni ya dume.

Mwanachuo mmoja wa kike alipomaliza kuandika matokeo haya aliweka kalamu chini akasema, "Basi tulimpa mume sauti ya mkewe kwa kuwa hatukumwuliza ndege." Sikuwa na la kuongeza. Tangu siku hiyo, mtu akileta hoja isiyotokana na kutazama, wenziwe humwuliza: "Je, umemwuliza ndege?"

UMBO KABLA YA RANGI

Wanafunzi hupenda kuanza na rangi. Mimi huwataka waanze na umbo, kwa sababu ndege aliye juu angani, jua likiwa nyuma yake, huonekana mweusi hata kama ni mweupe. Kwazi arukaye hutambulikana kwa mabawa mapana, ambayo yakinyooshwa hufika karibu meta mbili toka ncha hadi ncha, na kwa mkia mfupi wa mviringo. Kichwa chake huchomoza mbele kwa wazi. Mtu akilishika umbo hilo hatahitaji rangi ili kumtenga na mwewe, ambaye ana mwili mwembamba, mabawa yenye kupinda, na mkia mrefu wenye panda ambao huupindua huku na huku kama msukani wa mtumbwi.

Baada ya umbo ndipo tunapokuja kwenye rangi. Kwazi mzima ana kichwa, shingo, kifua na mkia vyeupe. Tumbo na mabega ni ya rangi ya hudhurungi iliyoiva, na mabawa ni meusi. Ngozi ya uso mbele ya macho ni ya manjano, na miguu pia ni ya manjano. Mdomo umepinda kama kulabu na ncha yake ni nyeusi. Chini ya vidole kuna vijichomo vidogo vidogo vinavyomsaidia kumshika samaki asiteleze. Hivyo hatuwezi kuviona kutoka chini ya mti, kwa hiyo huwaambia wanachuo waziwazi kuwa jambo hili tumelipata vitabuni. Ni vizuri mwanafunzi ajue yale aliyoyaona mwenyewe na yale aliyoambiwa, na katika madaftari yetu mambo hayo mawili huandikwa katika safu mbili mbalimbali.

Mwendo nao ni alama. Wanachuo hutarajia kumwona ndege mkali akiwinda mchana kutwa, na huchoka wanapomkuta ameketi tu. Lakini kuketi ndiko kawaida yake. Leslie Brown, aliyekuwa mtumishi wa idara ya kilimo nchini Kenya na ambaye kitabu chake juu ya kwazi kilitoka mwaka 1980, alimtazama ndege huyu kwa miaka mingi, hasa katika Ziwa Naivasha, akaonyesha kuwa sehemu kubwa ya mchana huipitisha mtini, na kuwinda huchukua muda mfupi tu. Mwenye subira ataona ndege akiteremka kwa mshazari, akiitupa miguu mbele wakati wa mwisho, na kumnyakua samaki aliye karibu na uso wa maji bila yeye mwenyewe kuzama. Samaki akiwa mzito mno, humburura juu ya maji mpaka ufukoni. Mara nyingine hawindi kabisa, bali huwanyang'anya korongo na ndege wengine kile walichokwisha kukamata. Jambo hili huwafurahisha wanachuo sana, na wengine humkumbuka mtu fulani katika bwalo la chakula.

WANAOFANANA NAYE

Kumtambua ndege ni kujua pia nani si yeye. Mwalimu aliye karibu na maji hana budi kuwajua angalau watatu.

Wa kwanza ni mgeni atokaye Ulaya na Asia kukimbia baridi, ambaye katika kamusi huitwa furukombe. Naye hula samaki, na kichwa chake kina weupe. Lakini ana mstari mweusi upitao katika jicho, na weupe wa kifua chake huendelea mpaka tumboni, ambapo tumbo la kwazi ni hudhurungi. Tena furukombe hujitupa majini miguu mbele kwa kishindo hadi mara nyingine hukaribia kuzama mwili wote.

Wa pili ni yule tumbusi mweupe alaye matunda ya michikichi, ambaye walimu wa pwani humwona zaidi kuliko sisi. Ni mweupe na mweusi, na kwa mbali aweza kumdanganya mtu. Lakini uso wake hauna manyoya na una wekundu, na tumbo lake ni jeupe.

Wa tatu ni mwewe wa matete, ndege mwembamba wa rangi ya kahawia arukaye chini chini juu ya matete na mafunjo huku mabawa yake yameinuliwa kidogo. Huyu huwinda kwa kupita na kurudi, wala hakai mtini akingoja.

Kwa sauti hakuna hata mmoja kati ya hawa watatu awezaye kuchanganywa na kwazi. Ndiyo maana nasisitiza sikio lianze. Aliyeishika sauti ana alama moja ambayo ukungu, giza na umbali haviwezi kumnyang'anya.

NDEGE WA KAHAWIA

Sasa nije kwenye jambo lililonisukuma kuandika makala haya. Mwanachuo wetu mmoja wa mwaka wa pili alipelekwa kwa mazoezi ya kufundisha katika shule ya msingi ya kijiji cha wavuvi, akapewa Darasa la Tano. Nilipofika kumkagua nilimkuta na mashaka. Karibu na nyumba za watu, katika mti ulioinama juu ya maji, alikuwapo ndege mkubwa wa kahawia mwenye michirizi kifuani. Mama mmoja wa jirani alikuwa amepoteza vifaranga kadhaa, na alikuwa amewaahidi wavulana shilingi mia tano kwa atakayemwangusha "yule mwewe mkubwa." Wavulana walikuwa wameanza kuja shuleni na manati mifukoni.

Mwanachuo alikuwa akishuku kuwa ndege yule hakuwa mwewe. Njia rahisi ilikuwa kuwaambia watoto hivyo, na kuwakataza. Lakini alikwisha kuona kuwa katazo la mwalimu hudumu mpaka kengele ya mwisho, na manati hufanya kazi baada ya kengele. Akaamua kuligeuza jambo kuwa somo. Hakuuliza, "Ndege huyu ni nani?" Aliandika ubaoni: "Ni nani achukuaye vifaranga?" Kisha akaligawa darasa. Kundi moja lilitazama ua wa yule mama, kwa idhini yake. Kundi la pili lilitazama mti. Kila kundi lilitazama nusu saa kabla ya mstari wa asubuhi, kwa siku tatu.

Siku ya kwanza, wakati wa kutoa taarifa, mvulana mmoja wa nyuma alinyosha mkono. Alikuwa mtoto wa mvuvi, na jina lake lilikuwa na alama nyingi za utoro katika daftari la mahudhurio, kwa kuwa usiku wa dagaa humkuta ziwani. Akasema, "Mwalimu, yule ni mtoto wa wale weupe. Baba yangu husema hivyo." Darasa likacheka. Walimu wenzangu wazingatie alichofanya mwanachuo hapo. Hakusema "vizuri sana," ingawa alishuku kuwa mtoto amesema kweli. Wala hakunyamaza mpaka kicheko kipite. Alisema, "Mwenzenu ametupa jambo la kulichunguza. Tutaonaje kama baba yake asema kweli?" Kicheko kikakoma. Watoto wakapendekeza wenyewe: tuone kama weupe watamfukuza au watamlisha.

Siku ya pili kundi la mti halikuona kitu ila ndege aliyeketi. Siku ya tatu walimsikia yule wa kahawia akilia kwa sauti nyembamba ya kuomba, na ndege mwenye kichwa cheupe akaja na samaki, akatua kando yake, na yule wa kahawia akamchukua samaki akala. Kundi la ua nalo lilikuwa na habari. Ndege aliyepita juu ya vifaranga asubuhi mbili, na mara moja akateremka, alikuwa na mkia wenye panda. Watoto wakachora mikia yote miwili ubaoni kwa chaki. Mmoja ulikuwa na panda, mwingine ulikuwa mfupi wa mviringo. Hakuna aliyehitaji kuambiwa.

Ndipo mwanachuo akawapa yale ambayo kwa siku tatu hayangeweza kuonekana: kwamba kinda wa kwazi hutoka kiotani akiwa na siku kama sabini hivi, akiendelea kulishwa na wazazi wake kwa majuma kadhaa, kwamba huwa wa kahawia mwenye michirizi, na kwamba huchukua miaka minne au mitano kupata kichwa cheupe kikamilifu. Kwa muda huo wote mtu asiyemjua aweza kumwita mwewe. Na mtu akikosea jina hilo, ndege huuawa kwa kosa la ndege mwingine.

Kilichobaki kilikuwa kumweleza mwenye vifaranga. Mwanachuo alikwenda na watoto wanne, wakamwamkia, wakamwonyesha michoro. Mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali ambalo ningependa wanachuo wangu wote wajifunze kuliuliza: "Na huyo mtoto wa mweupe, mwanangu, yeye hawezi kuchukua kifaranga?"

Mwanachuo hakumdanganya. Alisema, "Mama, kwazi mara nyingine hula ndege wa majini, kwa hiyo siwezi kuapa. Lakini kwa asubuhi tatu tulizotazama, tulimwona akila samaki, na aliyeteremka hapa uani kwako alikuwa mwewe." Wakamshauri avifunike vifaranga kwa tenga saa za asubuhi. Mama akacheka, akawaambia wavulana, "Haya, wekeni manati yenu. Lakini nikimkuta uani kwangu, mimi sitautazama mkia wake." Mazoezi ya kufundisha yalipokwisha, kinda alikuwa bado yuko mtini mwake, na wavulana waliokuwa na manati ndio waliokuwa wakichora michirizi ya kifua chake katika daftari za sayansi.

MAFUNZO KWA MWALIMU

Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alilalamika kuwa shule zilikuwa zikiwazoeza wanafunzi kuamini kwamba maarifa yote ya maana hutoka vitabuni au kwa watu waliosoma. Wengi wetu tumeisoma hoja hiyo na kuijibia mitihani. Lakini twaweza kuielewa vibaya, tukadhani kuwa kuheshimu maarifa ya wazee ni kuyakubali yote. Yule mvuvi alikuwa na maarifa ya kweli, na yule mama alikuwa na jina lisilo sahihi. Wote wawili walikuwa wenyeji wa ufuko ule ule. Heshima aliyostahili kila mmoja ilikuwa kwamba neno lake lichukuliwe kuwa jambo la kupimwa. Kitabu nacho kipimwe vivyo hivyo, kila inapowezekana.

Wenzangu wengine wamenipinga. Mmoja aliniambia, "Mtihani hauna kwazi." Ni kweli, lakini mtihani una maswali yasemayo "eleza tofauti" na "toa sababu," na hayo ndiyo wanafunzi wetu hushindwa zaidi. Wengine husema madarasa ni makubwa mno. Darasa la yule mwanachuo halikuwa dogo. Aliligawa, na hakutumia kipindi hata kimoja cha ratiba ila vile vya kutoa taarifa.

Kwa mwalimu atakaye kujaribu, nashauri mambo yafuatayo:

1. Zuia jina mpaka wanafunzi wawe na angalau alama tatu za ndege: ya sauti, ya umbo na ya mwendo. Rangi ifuate.

2. Kila kauli iandikwe pamoja na sababu yake. "Ni jike" haitoshi. "Ni jike kwa kuwa ni mkubwa kuliko mwenziwe katika tawi hilo" inatosha.

3. Tenga yaliyoonekana na yaliyosomwa au kusimuliwa. Yote yana nafasi, lakini si nafasi moja.

4. Usiwakaribie ndege kiotani. Simu ya mkononi inafaa kurekodi sauti ili darasa liisikilize baadaye, lakini isitumiwe kuipiga sauti hiyo karibu na ndege, kwani hudhani kuwa mgeni ameingia katika eneo lao, wakahangaika.

5. Watoto wasiingie majini wala wasikae ukingoni penye matete. Kichocho, mamba na viboko si mambo ya mzaha. Mahali pa kutazamia pachaguliwe na mwalimu mwenyewe kabla ya siku ya somo, akiongozana na mwenyeji.

6. Palipo mbali na maji, atumiwe ndege mwingine. Kunguru, yangeyange, mwewe, au bundi wa dari la shule atafaa. Asiyefaa ni yule ambaye wanafunzi hawawezi kumwona zaidi ya mara moja.

Wakufunzi walio katika vyuo vya bara na vya pwani wanaombwa kuijaribu njia hii kwa ndege wa mahali pao, na kueleza katika kurasa hizi walichokiona. Ningependa hasa kusikia kutoka kwa wenzetu wa pwani, ambao wanao kwazi, furukombe na yule tumbusi wa michikichi katika mdomo mmoja wa mto. Wanachuo wao wana kazi ngumu kuliko wetu, na bila shaka wana mengi ya kutufundisha.